Nyumba ya Abdón Yescas

"Nyumba ya Abdón Yescas!"

Sauti ya karani ilitoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya paa la ofisi ya kijiji, ikateremka kijiji chetu chote cha San Melchor Yatzi, kule milimani Mexico, hadi kwenye mashamba ya kahawa. Mikutano yetu haina siri. Aliye ukumbini anasikia, aliye jikoni anasikia, na mgonjwa aliyelala anasikia pia, atake asitake. Siku hiyo mgonjwa alikuwa Mzee Abdón mwenyewe.

"Nyumba ya Abdón Yescas!"

Mzee aligeuza uso ukutani. Mkono na mguu wake wa kulia vilikuwa vimepooza, na maneno yalimtoka kwa shida. Jikoni, mkewe Nicasia aliacha tortila, mkate wa mahindi, ikaungua kwenye kikaango huku ametega sikio. Hakuna aliyeitika. Karani akaruka jina, akaita nyumba iliyofuata.

Kwetu nyumba haihesabiwi kwa sababu ina ukuta na bati. Inahesabiwa kwa sababu inatoa mtu wa kukitumikia kijiji, mwaka mzima bila mshahara, kila zamu yake inapofika. Mzee Abdón alikuwa ametumika tangu ujana: alianza na topili, yaani askari wa kijiji, yule wa kufagia na kupiga kengele, akapanda ngazi hadi kuwa mtunza hazina. Alipoanguka, zamu ilikuwa ya mwanawe Herminio, na Herminio alikuwa Los Angeles, Marekani, anaezeka nyumba za watu. Nyumba inayoitwa mikutano mitatu bila kuitika inafutwa. Maji yanakatwa, na siku ya msiba bendi ya kijiji haipigi, wala makaburi ya kijiji hayafunguliwi. Maiti anashushwa wilayani, kwenye makaburi ya watu wasiojuana. Huo ulikuwa mkutano wa pili. Wa tatu ungekuwa Desemba.

Ndani ya ukumbi, kwenye benchi la wageni kando ya mlango, alikaa binti wa nyumba hiyohiyo. Zenaida Yescas alikuwa mtafiti wa siasa katika chuo kikuu kule Oaxaca mjini, na tuseme ukweli, hatujapata kuwa na mtu wa kumfananisha naye. Watafiti wengine hutujia na majibu yao mfukoni. Yeye alikaa kwenye benchi lile miaka na miaka, saa zote za mkutano, hata tulipobishana kuhusu ng'ombe wa mtu tangu asubuhi hadi chakula cha jioni. Hakuandika wanaosema tu. Aliandika nani ananyamaza, na nani anamtazama nani kabla ya kuinua mkono. Vyama vya siasa vilipotaka kutuletea masanduku yao ya kura, ni maandishi yake yaliyosomwa mbele ya jaji, na jaji akasema tuachwe tuchague viongozi kwa desturi yetu. Tulimshukuru, tukamchinjia bata mzinga, tukamrudisha kwenye benchi lake la wageni. Hajatumika, kwa hiyo hana neno.

Siku ile, nyumba ya baba yake ilipoitwa ikakosa mwitikaji, aliiweka kalamu chini. Akasimama.

"Naomba neno."

Crisóforo, mwenyekiti wa mkutano, alimtazama kwa huruma. "Mwalimu, unajua vizuri kuliko sisi. Benchi hilo halina neno."

"Najua, mjomba. Lakini iliyoitwa ni nyumba yetu. Niandikeni mimi. Nipeni utumishi, hata utopili. Nauomba."

Vichwa vyote viligeukia benchi lile. Kisha Fortino Bautista, seremala, ambaye hatujawahi kuuona ulimi wake ukilala, akageuka kwenye kiti.

"Mmesikia, jamani? Anauomba! Tangu lini utumishi ukaombwa kama chumvi kwa jirani? Utatuandika nini safari hii, daktari? 'Mimi na ufagio wangu'?"

Watu wakaangua kicheko. Hata wajane, ambao hawacheki mikutanoni, walijifunika shali midomoni.

Maana kwetu utumishi hauombwi. Unapewa, unanung'unika kidogo kwa adabu, unaupokea. Anayeuomba tunamtazama kama mtu anayezungukazunguka sanduku la sadaka: ana lake jambo. Zenaida alilijua hilo. Alikuwa ameandika sura nzima juu yake, na maprofesa wa nchi za mbali wanaisomesha sura hiyo. Lakini baba ni baba, na mdomo ulimtangulia.

"Ombi limekataliwa," alisema Crisóforo. "Tuendelee. Bomba la kisimani."

*

"Umesoma mpaka macho yakaingia ndani," Nicasia alisema huku akimwekea bintiye maharage meusi, akaliweka bakuli mezani kwa kishindo, "lakini huo mdomo hukuupeleka shule."

"Mama, nimekosea."

"Umekosea mbele ya kipaza sauti! Hata kuku wa Crisóforo wamesikia."

Zenaida alivuta bakuli. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mvi mbili tatu ambazo hakuzipaka rangi, na mbele ya mama yake bado alikula ameinamisha kichwa.

Walimpigia Herminio simu. Alikuwa juu ya paa la mtu, upepo ukivuma kwenye simu.

"Nikitoka huku sirudi, dada, unajua. Sina makaratasi. Watoto wangu nitamwachia nani? Waambie nitalipa mtu atumike badala yangu. Watajie bei, nitalipa."

"Hawapokei. Anatumika mtu wa nyumba au hakuna."

"Nani alipitisha ujinga huo?"

"Mkutano." Zenaida akasita. "Na mimi niliusifu kitabuni. Nikasema ni jambo la kupigiwa mfano, kijiji kinachokataa utumishi wa kununuliwa."

Herminio akacheka kicheko kisicho na furaha. "Basi kisomee kitabu hicho mbele ya jeneza la mzee."

Maneno hayo yalimchoma. Alikata simu, akaingia chumbani. Mzee Abdón alikuwa macho. Alimshika mkono kwa mkono wake mzima, akahangaika na maneno mpaka yakatoka.

"Uliomba."

"Niliomba, baba."

"Hauombwi."

"Najua, baba. Nisamehe."

Alifumba macho. Zenaida alidhani amelala, lakini akasema tena, taratibu, "Mimi niliwachimbia wenzangu makaburi pale. Sitaki kuzikwa kama mpita njia."

Ndani ya mkoba wa Zenaida kulikuwa na habari ambayo hakuwa amemwambia mtu. Taasisi kubwa ya utafiti, kule Mexico mjini, ilikuwa imemchagua aongoze idara mpya ya kuchunguza namna watu wanavyojitawala. Angekuwa na wasaidizi, fedha za safari, na muda wa kuandika bila kufundisha asubuhi na jioni. Ndiyo kazi aliyoiota tangu alipokuwa mwanafunzi wa kulala njaa. Ilianza Januari. Na utumishi wa kijiji nao huanza Januari.

*

Jumamosi iliyofuata alifika kwenye msaragambo. Kijiji kizima kilikuwa kinazibua mfereji unaoleta maji kutoka juu mlimani, na yeye alikuja na basi la kwanza kutoka mjini, akapitia nyumbani, akachukua koleo la baba yake nyuma ya mlango. Nicasia alimfunga kitambaa kichwani.

Fortino alimwona akishuka. "Karibu, mwalimu! Leo unahesabu koleo au unashika koleo?"

"Leo kalamu nimeisahau, mjomba."

"Haya. Kasaidie akina mama kuchemsha kahawa."

Akaenda, akachemsha kahawa. Alipomaliza kuigawa akaingia mferejini, hakuna aliyemwita na hakuna aliyemfukuza. Viganja vyake vilivyozoea karatasi vilitoka malengelenge kabla ya mchana. Wanaume walimwachia sehemu ya kina kifupi, ile ya wazee, na vijana wakapita wakinong'ona na kucheka. Alijikaza kisabuni. Jumamosi iliyofuata akaja tena, na nyingine, na nyingine. Kuhusu utumishi hakufungua mdomo. Mtu alipomchokoza, alijibu utani kwa utani, akainama kuchota matope.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Kulisifu jambo ukiwa umekaa kwenye benchi kavu kila mtu anaweza. Yeye alikuwa amewatetea watu hawa kwa wino miaka yote, na sasa wanamcheka, na bado anakuja.

Mwishoni mwa Novemba, gari jeupe lilisimama kwenye barabara ya juu. Akashuka mwanamke mrefu mwenye viatu vya mjini, akashuka navyo kilima kwa tahadhari, akishikilia vichaka. Alikuwa Daktari Leonor Arizmendi, mkuu wa ile taasisi.

"Samahani," alisema, "namtafuta Daktari Yescas. Nimeambiwa yuko huku."

"Daktari tunaye mmoja," Fortino akajibu, akanyoosha koleo. "Yule mwenye tope puani."

Watu walicheka. Zenaida alipanda ukingoni, akajifuta mikono kwenye sketi, ikazidi kuchafuka. Aibu ilimpanda, si ya tope, ila ya kuonekana na watu wa pande mbili kwa wakati mmoja.

"Kumbe uko katika utafiti," Leonor alisema, akitabasamu.

"Hapana. Nazibua mfereji."

Leonor alimvuta kando, lakini kando ya mfereji si mbali na mfereji. "Zenaida, nimekuandikia mara ngapi? Bodi inataka jibu leo. Nimekuja mwenyewe kwa sababu nilipigania jina lako. Kuna vijana wawili wanaingoja nafasi hii kwa mate mdomoni."

"Najua, na nakushukuru kwa moyo wote. Nyumba yetu itafutwa Desemba. Baba yangu anakufa."

"Pole. Pole sana. Lakini wamekuambia watakupa huo utumishi?"

"Hapana. Nikiuliza, nimeomba. Nikiomba, wananinyima."

"Kwa hiyo unaweza kuikataa kazi hii, halafu na wao wasikupe kitu?"

"Ndiyo."

"Na kutoka Mexico mjini ungeweza kuwasaidia hawa watu mara mia. Wizara zitakusikiliza! Huoni?"

Zenaida aliyatazama malengelenge yake. "Naona. Pengine hata uko sahihi. Nimeandika maisha yangu yote kwamba hapa neno la mtu linatokana na kutumika kwake. Sasa zamu ya nyumba yetu imefika, nisikie uchungu nikimbie? Nitaandika nini tena baada ya hapo, Leonor? Nani ataniamini? Mimi mwenyewe sitajiamini. Wape vijana nafasi yao."

 Leonor alikuwa mtu mwenye haraka, lakini hakuwa mtu mbaya. Alimkumbatia na tope lake lote, akapanda kilima bila kugeuka.

Fortino, ambaye wakati wote huo alikuwa akikwangua jiwe moja lililokwisha kuwa safi, alijikohoza. "Wewe, mwalimu."

"Naam, mjomba."

"Hapo kina ni kifupi. Njoo huku, nafasi ipo."

Nicasia alipoambiwa habari ile jioni alishika tama. "Umeiacha kazi ya mjini. Na huku hujapewa kitu."

"Sijapewa, mama."

"Una wazimu," alisema. Kisha akamkandia mikono kwa maji ya chumvi, akilia kimyakimya, bila hata kujificha.

*

Mkutano wa Desemba ulijaa hadi nje. Zenaida alikaa kwenye benchi la wageni, akafungua daftari lake kama siku zote, maana mikono isiyo na kazi ingemsaliti.

"Nyumba ya Abdón Yescas!"

Nyumbani, Nicasia alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mumewe. Walisikia mwangwi ukirudi kutoka mlimani.

"Nyumba ya Abdón Yescas!"

Zenaida aliuma midomo. Kila alichokijua kilimwambia anyamaze, na kila alichokipenda kilimwambia apige kelele. Akanyamaza. Sijui kama mimi ningeweza.

Karani aliinua kalamu ili kufuta. Crisóforo alimzuia kwa mkono. "Kufuta ni mwisho wa shughuli. Kwanza tuchague matopili wawili. Majina."

Kijana mmoja akatajwa, mwana wa mwokaji mikate. Jina likaandikwa ubaoni kwa chaki. Zenaida naye akaliandika. Akatajwa wa pili, aliyerudi majuzi kutoka shule, na Zenaida akaandika. Ndipo kiti kikakwaruza sakafu, na Fortino akasimama.

"Mimi nataja Zenaida Yescas."

Kalamu ya Zenaida, kwa mazoea ya miaka yote, ikaandika: Zenaida Yes... Kisha ikasimama yenyewe.

"Fortino!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Si wewe uliyemkataa?"

"Nilimkataa alipoomba. Ningemkataa hata mama yangu. Tangu siku ile nani amemsikia akiomba?" Alizungusha macho. "Mimi nimekuwa naye mferejini. Kazi ya mjini ameikataa mbele ya masikio yangu haya, na hakuja kunililia. Sasa wewe uliye nyuma huko, Jumamosi iliyopita nilikuona wapi? Kitandani!"

"Lakini topili mwanamke hatujawahi kuwa naye," mzee mmoja alisema. "Atamshika mlevi?"

"Mzee, mlevi mwenyewe ni wewe. Utashikika."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko, mpaka Crisóforo akagonga meza. Akauliza kama kuna jina jingine. Hakuna. Wakaanza kupanga foleni kwenda ubaoni, maana kwetu kura ni mstari wa chaki chini ya jina, mbele ya macho ya wote. Wa kwanza kuinuka alikuwa mjane mmoja mzee ambaye Zenaida hakuwahi kumwandika akisema neno mkutanoni. Alikwenda polepole, akaishika chaki, akachora mstari mrefu chini ya jina la tatu, mrefu mara mbili ya ilivyohitajika. Wajane wote wakafuata. Kisha wanaume wa mferejini, wengine wakitabasamu, wengine wamekunja uso kama wanaosukumwa.

Zenaida hakuhesabu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya utafiti alikuwa mkutanoni na hakuona kitu, kwa sababu ya machozi.

"Yescas, topili," Crisóforo alisema. "Karani, usifute nyumba. Tuendelee. Paa la shule."

Hakuna aliyepiga makofi. Sisi hatupigi makofi kwa jambo kama hilo. Lakini Fortino alimgeukia, uso mkavu.

"Unangoja nini hapo? Benchi hilo ni la wageni. Tuondolee aibu, hamia huku."

Alifunga daftari, akainuka, akavuka ukumbi ule aliouchunguza miaka yote bila kuuvuka. Watu wa safu ya nyuma wakasogeana wakampa nafasi.

*

Januari alipewa rungu, ufagio na ufunguo wa mahabusu ya kijiji, ambayo kwa kawaida huwa na mlevi mmoja na mbuzi wa kesi. Alifagia uwanja wa ofisi, akapiga kengele, akapeleka wito nyumba kwa nyumba, akafokewa na watu waliokuwa wakimwita daktari. Mwana wa mwokaji mikate, aliyechaguliwa pamoja naye, alimfundisha kufunga fundo la kamba ya kengele, akamtania alipolikosea. Chuoni walimpa likizo bila mshahara. Pesa alizokuwa akiwaletea wazazi zilikoma, na Nicasia akaanza kuuza tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani, mlangoni siku za soko, akilalamika kwa kila mteja kwamba ana binti msomi anayefagia bure. Alilalamika kwa sauti ya juu mno kwa mtu mwenye uchungu. Walioisikia walijua ni majivuno.

Mjini, yule aliyepewa idara aliweka picha yake gazetini. Zenaida aliiona kwenye karatasi iliyofungiwa nyama sokoni. Ilimuuma, tusidanganyane. Alisimama na ile karatasi muda kidogo, kisha akaenda kufungua ukumbi, kwa sababu ilikuwa Jumapili na mkutano ulikuwa unaanza.

Mzee Abdón alikuwa amedhoofika. Asubuhi hiyo alikataa uji na kahawa, akalala anatazama dari. Nicasia alikuwa jikoni akipuliza moto kipaza sauti kilipokoroma, karani akaanza kuita orodha. Mzee alizisikiliza nyumba zikipita moja moja, za majirani, za maadui, za aliowachimbia makaburi wazazi wao.

"Nyumba ya Abdón Yescas!"

Mkono wake mzima ulishika blanketi.

"Ipo!" sauti ya Zenaida ikajibu, ikatoka juu ya paa la ofisi, ikateremka kijiji chote. "Na inaomba neno."

"Nyumba ina neno," ilisikika sauti ya Crisóforo. "Sema."

Nicasia alisikia kitu kutoka chumbani, akaacha moto, akaingia mbio. Alimkuta mumewe amejiinua kwenye kiwiko, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanguke.

"Ipo," mzee alikuwa akisema, kwa shida, kuelekea dari. "Ipo."

"Unaongea na nani wewe?"

"Nimeitwa," akasema. "Naitika." Kisha akalala tena, akafumba macho, akasema yuko tayari kula.